Tupeane uzoefu: Umefika kwenye paki ya burudani ukakuta mchezo ulioufuata umefungwa

Shangazi wa Houston (mleta uzi):
Wakuu salaam. Napanga kurudi Orlando, naomba tupeane uzoefu kabla sijatoa kadi. Habari za hoteli na chakula nyuzi zake zipo tele. Nawataka wale waliofika getini wakakuta ukuta wa mbao pale walipotegemea kukuta mchezo.

Yangu ni hii. Januari 2025 mtoto wa kaka yangu alipata viza, akaja na bibi yake kutoka Morogoro. Miaka tisa. Mwaka mzima alikuwa akiangalia video za Big Thunder Mountain, ile treni ya mgodini ya Magic Kingdom, paki ya Disney kule Orlando, anaijua kona kwa kona. Kalenda ya matengenezo niliiangalia mara moja tu, mwezi wa tisa, nikaona pako shwari, nikalipia. Sikuirudia. Treni ikafungwa tarehe 6 Januari kwa ukarabati wa zaidi ya mwaka. Sisi tumeingia tarehe 9, tena kwa kuiba wiki ya shule.

Hakulia, na hilo ndilo lililoniuma. Alisogea kwenye ukuta, akaweka jicho kwenye upenyo, akaganda pale kama dakika tatu. Nikamuuliza anaona nini.

"Shangazi, kuna fundi anakula mkate."

Kosa la pili nililigundua baadaye. Siku ileile bibi yake aliiona ile meli ya kizamani ya mtoni, akasema tungepanda hiyo angalau apumzishe miguu. Nikamwambia, "Mama, hiyo haikimbii, tutaipanda safari ijayo." Julai 2025 meli, mto na kisiwa chake vimefungwa moja kwa moja, wanajenga eneo jipya. Safari ijayo iko wapi?

Basi nyie mnaanza na tarehe au mnaanza na michezo?

FundiWinchi:
Pole, ila Januari umejitakia mwenyewe 😂

Mimi ni fundi wa winchi bandarini huku Dubai. Rola kosta, hizo treni za kupanda juu na kuporomoka, sijawahi kuzishika, lakini chuma ni chuma. Kitu kinachobeba watu kutwa nzima lazima kuna siku kifunguliwe. Sisi kipande tunakisafisha, tunakipitishia sumaku, tunakimwagia maji yenye unga laini wa chuma, halafu tunazima taa na kukimulika kwa taa ya zambarau. Kama kuna ufa, hata mwembamba kuliko unywele, unga unajikusanya palepale na mstari unang'aa kijani. Mara ya kwanza kuuona ule mstari nilinyamaza, maana kwa macho ya kawaida kile kipande kilikuwa kizima kabisa.

Kazi hiyo huwezi kuifanya watu wamepanga foleni nje. Wenye paki wanasubiri wiki za watu wachache, ndizo hizohizo ulizozikimbilia wewe kwa sababu tiketi ni nafuu na foleni ni fupi. Michezo ya maji ndiyo kabisa, mingi huwa inakaushwa miezi ya baridi. Ukitaka kila kitu kiwe wazi, nenda katikati ya Julai ukasimame juani na dunia nzima.

MzawaWaMbeya:
Wenzenu tunatafuta nauli ya kurudi nyumbani sikukuu, nyie mnalilia treni isiyokwenda popote.

Shangazi wa Houston:
@MzawaWaMbeya haki yako 😂 lakini kaa, huenda siku moja ukapata mjomba mwenye viza.

BabaPacha, Columbus:
Mimi nina vijana wawili wa miaka kumi na sita, kwa hiyo kwetu ni paki ya Cedar Point, juu kule Sandusky, kando ya ziwa. Huku Ohio hakuna habari ya Januari: paki inafunguliwa Mei na kufungwa vuli, matengenezo makubwa yanafanyika theluji ikiwa chini.

Wanaofuatilia wanajua habari ya Top Thrill Dragster, rola kosta ya hapo. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye gari la treni kikampiga mwanamke aliyekuwa kwenye foleni, ikafungwa. Ikaundwa upya, ikaitwa Top Thrill 2, mita 128 kwenda juu. Ikafunguliwa Mei 2024, baada ya siku chache tu ikasimama na haikurudi msimu ule wote. Mimi kwa ujanja wangu nilikuwa nimewaahidi vijana tutakwenda Juni "mambo yakishatulia". Nikawaendesha saa mbili na nusu wakiwa wamenuna, masikio yamezibwa na spika zao.

Kilichotuokoa ni Steel Vengeance na Millennium Force, rola kosta nyingine za palepale. Walipotoka kwenye ya kwanza mmoja alikuwa hana sauti, mwingine anacheka peke yake. Jina la Top Thrill sikulisikia tena mpaka tumefika kwenye gari.

Tangu hapo nina sheria moja ya nyumbani: mashine mpya haipewi safari mwaka wake wa kwanza. Tukiikuta inatembea, tunapanda na kushukuru. Kuisafiria, hapana.

Na upande wa pili wa sarafu ni Kingda Ka, rola kosta ya kule New Jersey. Mita 139, ilikuwa inakwenda juu kuliko rola kosta zote duniani. Ilimaliza msimu wa 2024 bila kuagwa, Februari 2025 wakaiangusha kwa baruti. Vijana walikuwa wanasema "tutaenda tu" tangu wako darasa la tano.

BintiWaMaskati:
Assalaam alaykum. Sisi wa huku tunapakia gari, mwendo wa saa tano hivi, tuko Abu Dhabi. Wengi hudhani paki ya Ferrari World ikiwa chini ya paa basi hali ya hewa haina neno. Mambo mengi ya ndani ni kweli, lakini rola kosta yao ya Formula Rossa inatoka nje, inakwenda kilomita 240 kwa saa, mpaka unapewa miwani ya kuvaa kwa ajili ya mchanga. Upepo ukichafuka inasimamishwa. Kwa hivyo sisi tukiingia tu, hiyo kwanza, mengine baadaye.

Aibu yangu ni nyengine. Ami yangu alitoka Unguja mwezi wa saba na wanawe wanne, nikawaahidi Global Village, ile paki ya maonyesho ya nchi mbalimbali ya Dubai. Kumbe ile ni ya msimu, joto likianza wanafunga mpaka Oktoba! Miaka yote naishi huku na sikulijua, kwa kuwa siku zote tulikuwa tunakwenda wakati wa baridi. Ami hakusema kitu, akauliza tu, "Mwanangu, hapa ndipo?"

KijanaWaCoventry:
Fupi tu. Nemesis, rola kosta ya paki ya Alton Towers huku Uingereza, ilifungwa Novemba 2022, reli ikabadilishwa, ikarudi Machi 2024. Nilipanda kabla na baada. Kungoja kulilipa. Kufungwa si hasara kila mara, kuna mchezo unaofaa kuahirishiwa safari.

NesiWaMvita, Tampa:
Shangazi, kalenda ya ukarabati ni nusu ya shida. Huku Florida wakati wa kiangazi, mchana radi zikianza kukaribia, michezo yote ya nje inasimama hata kama haina ubovu wowote. Ninakwenda nikitoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini saa mbili asubuhi niko ndani. Saa nane mawingu yakijikusanya tunaingia kwenye maonyesho ya ndani tukale aiskrimu.

Halafu kimo! Watu wanahesabu siku za mchezo kufunguliwa, wanasahau kupima mtoto. Splash Mountain, mchezo wa maji wa Magic Kingdom, ilifungwa Januari 2023, ikarudi Juni 2024 kama Tiana's Bayou Adventure, na mwanangu aliisubiri muda wote huo. Inataka sentimita 102. Nyumbani nilimpima kwenye fremu ya mlango akiwa na viatu vya soli nene, nikaona tumepita. Pale kwenye foleni alisimama chini ya kile kijiti cha kupimia kimo, kukabaki nafasi ya kuingia kidole. Uzuri ni kwamba wazazi mnaweza kupokezana: baba yake alipanda mimi nikabaki na mtoto, aliposhuka nikapanda bila kurudia foleni. Mtoto akatununia wote wawili mpaka usiku.

Shangazi wa Houston:
Nimesoma yote, asanteni. Nimeamua hivi. Nimempigia bibi na mjukuu, kila mmoja ataje michezo miwili tu ambayo akiikosa atasononeka. Hiyo minne ndiyo nitakayoifuatilia kwenye kalenda, kila Jumapili mpaka siku ya kuondoka, na sitalipia kitu kisichorudisha hela mpaka mwezi wa mwisho. Mingine tutakayoikuta tumeikuta.

Bibi ametaja kitu kimoja, anataka "chochote cha kukaa". Mjukuu ametuma sauti WhatsApp. Treni yake ilitangazwa kurudi 2026, kwa hiyo nilitegemea aulize tarehe. Ameuliza kama yule fundi amemaliza mkate.