"Sensible" na "sensitive", "childish" na "childlike": maneno ya tabia yanayowachanganya wanafunzi

Mwalimu_wa_Iringa

Walimu wenzangu na wapenzi wa lugha, habari za kazi. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, na kila ninapotoa zoezi la kumweleza mtu kwa tabia zake, makosa huwa ni yale yale. Mwanafunzi anamsifu mama yake kuwa ni "sensitive" kwa sababu hatapanyi fedha, ilhali alikusudia "sensible", yaani mwenye busara. Mwingine anaandika kwamba mzee wa kijiji chao ni "respectful" kwa kuwa watu wote wanamheshimu. Yupo pia binti aliyemwita dada yake "childish" akitaka kusema kwamba ana moyo mweupe usio na hila, na alipoelezwa maana ya neno hilo alihuzunika kweli, kwa kuwa dada huyo ndiye anayemlea.

Nimewapa orodha za maana, wakazikariri, na baada ya likizo wanarudi pale pale. Je, kuna njia ya kuyafundisha maneno haya ili tofauti zake zikae? Pia ningependa kujua kama "jealous" na "envious" yana tofauti inayostahili kufundishwa katika kiwango hiki.

Mhariri_Dodoma

Mwalimu, nadhani orodha inashindwa kwa sababu inamtuma mwanafunzi atafute neno moja la Kiswahili kwa kila neno la Kiingereza, na Kiswahili hakikuzigawa sifa hizi mahali pale pale. Tukisema "mtu mwenye heshima" twaweza kumaanisha anayewaheshimu wengine, na twaweza vilevile kumaanisha anayeheshimiwa. Mwanafunzi wako hakukosea kufikiri. Amehamisha neno lenye pande mbili kwenda kwenye lugha inayolazimisha kuchagua upande mmoja.

Kwa hiyo mfundishe kuuliza kwanza heshima inatoka kwa nani. Kijana anayempisha mzee kiti ndani ya daladala na kumwamkia ni "respectful", kwa maana yeye ndiye anayetoa. Kwa anayepokea kuna "respectable", na kiishio chake "-able" kinakaribiana na kauli yetu ya kutendeka, ile ya "aminika", "pendeka" na "heshimika", na wanafunzi wakioneshwa hivyo huelewa haraka. Hata hivyo, kwa yule mzee wa kijiji mimi ningependelea "respected". "Respectable" mara nyingi humpima mtu kwa mwenendo unaokubalika machoni pa jamii, na huenda mbali zaidi ya watu, kwa kuwa Waingereza husema hata "a respectable salary", yaani mshahara wa kuridhisha. "Respected" inasema waziwazi kwamba watu wanamheshimu, na hilo ndilo mwanafunzi alilotaka.

Kuhusu "sensible" na "sensitive", usianze na watu, anza na vitu. "Sensitive skin" ni ngozi inayowasha mara tu inapoguswa na sabuni kali. "Sensible shoes" ni viatu imara vya kutembelea, vilivyochaguliwa kwa kufikiria safari na si kwa kufikiria watazamaji. Mwanafunzi akishaona kwamba neno la kwanza linahusu kuguswa na la pili linahusu uamuzi, ndipo umrudishe kwa mama yake. Angalia pia kinachofuata neno: "sensitive to other people's feelings" ni sifa njema ya mtu anayetambua mapema hali za wenzake, lakini "he is very sensitive" ikiachwa peke yake aghalabu ni tahadhari kwamba mtu huyo ni mwepesi wa kuumia.

"Childish" ni lawama anapoambiwa mtu mzima, kwamba ana mambo ya kitoto. "Childlike" humfananisha tu na mtoto, na kwa kawaida hufuatwa na jambo jema kama "trust" au "wonder". Nasisitiza kwamba "-ish" si lawama popote ilipo, kwani ipo kwenye "selfish" na "foolish", na ipo pia kwenye "British" na "reddish", usiifanye kanuni.

Mkalimani_Bujumbura

Nashukuru kwa maelezo hayo, nami niongezee ya upande wetu, ambako wengi tulisoma kwa Kifaransa kabla ya kukutana na Kiingereza. Kwetu shida ya "sensible" ni kubwa zaidi, kwa sababu Kifaransa kina neno lenye tahajia hiyo hiyo lakini maana yake ni mwepesi wa hisia, yaani kile Waingereza wanachokiita "sensitive". Mtu mwenye busara Kifaransa humwita "raisonnable". Vivyo hivyo, "sympathique" ni mtu wa kupendeza kukaa naye, wakati "sympathetic" ya Kiingereza ni mtu anayekuonea huruma au anayeelewa taabu yako. "Ignorer" katika maana yake ya asili ni kutojua, lakini "ignore" ni kupuuza kwa makusudi.

Hatari yake ni kwamba sentensi hutoka ikiwa safi kisarufi, na hakuna anayeisahihisha. Nimewahi kupitia barua ya kumpendekeza muuguzi iliyosema "she is very sensible with patients". Mwandishi alitaka kusema kwamba anahisi maumivu ya wagonjwa, na msomaji wa Kiingereza angeelewa kwamba ana akili timamu kazini. Zote ni sifa njema, lakini ile iliyokusudiwa imepotea kabisa, na kwa kazi ya uuguzi ndiyo iliyokuwa na uzito.

Mama_Lugha_Tanga

Mwalimu, nijibu swali lako la pili. Kwenye "jealous", katika maana yake ya msingi, wamo watu watatu: mtu, mpenzi wake, na yule anayehofiwa kumchukua. Kwenye "envious" wamo wawili tu, mwenye kitu na anayekitamani. Lakini katika mazungumzo ya kila siku "jealous" hubeba maana zote mbili, kwa hiyo mwanafunzi akiandika "I am jealous of your new phone" usimkate alama. Kosa liko upande mmoja tu: mume anayemchunga mkewe hawezi kuitwa "envious".

"Wivu" wetu nao hubeba yote mawili, hata tukawa na "wivu wa maendeleo" unaomsukuma mtu ajitahidi. "Husuda" ni kali zaidi, maana hasidi hutaka neema imwondokee mwenzake, na "envy" si lazima ifike huko. Waambie wasitafsiri "envious" kuwa "hasidi" bila kufikiri.

Mwalimu_wa_Iringa

Nawashukuru sana nyote. Niulize la mwisho: kwenye ripoti za wanafunzi tuna sehemu ya tabia, na walimu tunaandika mara "habit", mara "behaviour", mara "character". Lipi ni sahihi?

Mhariri_Dodoma

Yote ni tabia, lakini hayalingani kwa uzito, na kwenye ripoti uzito ndio wenye madhara. "Habit" ni jambo moja linalorudiwa hadi likazoeleka, kama kung'ata kucha au kuchelewa shuleni. "Behaviour" ni jinsi mtu anavyotenda mbele ya wengine kwa kipindi fulani, na katika Kiingereza cha kawaida halina haja ya wingi, ingawa wanasaikolojia husema "behaviours" katika taaluma yao. "Character" ni undani wa mtu, kama wa yule anayerudisha chenji iliyozidi hata pale ambapo hakuna aliyemwona.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyepiga kelele darasani muhula mzima aandikiwe "his behaviour this term was poor". Ukimwandikia "bad character" umemhukumu utu wake, na mzazi anayejua Kiingereza vizuri atakuja shuleni kuuliza mwanawe ameiba nini.