Wa kwanza kwenye familia kusoma uinjinia, nimepata fildi serikalini, niende?

Mwanafunzi_Civil: Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa tatu uhandisi ujenzi, kwetu mimi ndo wa kwanza kufika chuo kwahiyo haya mambo sina wa kumuuliza. Nimepata fildi serikalini, idara ya maji, na kuna kampuni ya ukandarasi nayo imeonyesha nia. Nyumbani wanasema kampuni ndo kwenye hela, wenzangu darasani wanasema serikalini ntabeba mafaili tu mpaka fildi iishe. Ila mi nataka sana kujua nani anaamua bomba lipite wapi na mtaa gani usubiri. Ntajifunza uhandisi kweli huko?

Nondo16: Nenda mdogo wangu. Kwa mkandarasi utajua kujenga, kwa mwenye mradi, yaani huko serikalini, utajua kwa nini hiki kinajengwa na kile kinakataliwa. Ila usikae ofisini kusubiri kutumwa, omba mapema utoke na mkaguzi saiti. Siku ya zege simama pale wanapopima slampu, yaani ulaini wa zege bichi, uone koni inavyonyanyuliwa na zege linavyoshuka, likizidi kipimo cha mkataba mkaguzi anatakiwa alirudishe lori huku dereva, fundi na msimamizi wa mkandarasi wote wanamkodolea macho. Hapo ndo utaona kazi yenyewe. Halafu fuatilia sampuli za hilo zege zikivunjwa kupima nguvu siku ya 7 na ya 28 zimesoma ngapi, na ukirudi ofisini omba BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei za mradi) ulinganishe na ulichokiona.

Dada_Mabomba: Naongezea upande wa maji maana ndo kazi yangu. Soma kisa cha mji wa Flint, Marekani. Mwaka 2014 walihamia maji ya mto ili kubana matumizi, hawakuweka dawa ya kuzuia kutu, basi madini ya risasi yakaanza kutoka kwenye mabomba ya zamani na kuingia kwenye maji ya kunywa, wananchi wanalalamika rangi na harufu wanaambiwa maji salama. Dawa yenyewe ilikuwa inajulikana miaka mingi! Inauma sana, na ndo maana nataka vijana wenye akili waingie hizi ofisi. Na aliyejenga mfumo wa majitaka wa London baada ya ule uvundo wa Thames wa 1858, Joseph Bazalgette, alikuwa injinia wa bodi ya umma, mifereji yake mingi bado inafanya kazi.

Kifungua_Njia: Mi pia wa kwanza kwetu. Usibishane na wazazi, wana hofu tu maana wewe ndo tegemeo. Waambie unaenda kujifunza kwa nini maji yanatoka usiku peke yake, wataelewa haraka kuliko ukiwaambia utumishi wa umma. Ila kabla hujakubali ulizia posho, na nauli nani analipa, na wakujibu kwa maandishi. Wengine wakikwama wanapiga simu nyumbani, wewe nyumbani wanakusubiri wewe. Hakikisha pia anayesaini logibuku, lile daftari la kazi zako za kila siku fildi, ni injinia aliyesajiliwa.

Mwanafunzi_Civil: Asanteni sana, mmenipa nguvu. Kesho nawapigia kuhusu posho na logibuku. @Nondo16 hiyo BOQ mwanafunzi anaruhusiwa kuiona?

Nondo16: Ya tenda ambayo bado haijafunguliwa hapana, usiiombe kabisa. Ya mradi ulioko saiti muombe msimamizi wako, tena mwambie mkae mpitie pamoja.