Mboko alianza mwaka 2025 nje ya wachezaji 300 bora wa tenisi. Watoto wetu wa Unguja na Pemba wacheze tenisi wapi?

Mfunga Nyuzi
Assalaam alaykum. Agosti 2025, wakati macho yetu sote yako uwanja wa Amaan kwenye mpira wa CHAN, kule Montreal binti wa miaka 18, Victoria Mboko, wazazi wake Wakongo, alimfunga Naomi Osaka kwenye fainali ya mashindano ya tenisi ya Kanada. Kapoteza seti ya kwanza 2–6, akageuza 6–4, 6–1. Na aliingia kwa mwaliko, nafasi yake 85 duniani. Mwaka ule ule aliuanza akiwa nje ya 300! Njiani kawatoa Kenin, Gauff na Rybakina. Ukimtia na Osaka, hao ni wanne waliowahi kuchukua Grand Slam, yale mashindano makubwa kabisa ya tenisi, na wote kawafunga kwenye mashindano hayo mamoja.

Mie nafanya kazi hoteli ya pwani, na moja ya kazi zangu ni kufunga nyuzi za raketi za wageni. Kiwanja kipo, kina ukuta, na kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri hakina mtu kwa sababu wageni wanakimbia jua. Mipira ikinyonyoka manyoya nawapa watoto wa kijijini. Wamefunga kipande cha jarife kuukuu juu ya sakafu iliyobaki ya banda la mbata, raketi wamejichongea kwa mbao za masanduku. Kuna kitoto cha kike cha darasa la nne, ukikipigia upande wa kushoto hakibabaiki: kinageuza bega kwanza, ndio mkono unafuata. Hakuna aliyekifunza. Wageni wanalipia masomo wiki nzima na bega haligeuki.

Mboko ni wa mwisho katika watoto wanne, na wakubwa zake wote walishika raketi kabla yake. Alikuwa na wa kumfuata kiwanjani. Hiki kitoto kimfuate nani? Nauliza: kwa nini Wizara isikae na wenye hoteli, watoto wa skuli wakaingia saa zile viwanja vitupu?

Mkaazi wa Kikwajuni
Huyo Mboko si amezaliwa Kinshasa, akachukuliwa mdogo? Hata hivyo tuache tabia hii ya kudandia. Kafunzwa kwao huko, bendera ya Kanada, sie inatuhusu nini? Ndio yale yale ya Gurnah, mwandishi aliyezaliwa hapa Zanzibar, 2021. Alipopata Nobel mji mzima ukawa jirani yake. Aliondoka, sisi tukabaki. Aliyeondoka kaondoka.

Bint Shangani
"Aliondoka"? Kijana wa miaka 18 kama Gurnah anaamka tu asubuhi anafunga mzigo kwa raha zake? Miaka ya sitini, baada ya Mapinduzi, watu waliondoka usiku, na wengine hawakubeba hata picha za harusi. Babu yangu mzaa mama kafia Muscat akiulizia bei ya pweza Darajani. Leo unaniambia kaondoka kwa hiyo si wetu. Kaa na adabu yako.

Mpemba wa Wete
Mboko kazaliwa Charlotte, Marekani, akakulia Kanada. Na msije mkachanganya: Kongo iliyocheza Amaan ni ya Brazzaville, wazazi wake wametoka Kongo ya Kinshasa. Halafu wewe Mfunga Nyuzi, fikra yako nzuri, lakini hoteli ni zenu nyie wa Unguja. Huku kwetu za kuhesabu kwa vidole. Mpango wa hoteli ukipita, mtoto wa Konde au Mkoani atapata nini? Kila kitu kikianza kinaanzia Unguja, Pemba tunaletewa taarifa.

Mkaazi wa Kikwajuni
Bint Shangani, sikumtaja babu wa mtu. Nimesema kuhusu wanaodai sifa ambayo si yao. Kama wewe imekugusa, hilo lako.

Bint Shangani
Umesema "sisi tukabaki" kama kwamba kubaki ni cheti. Waliobaki nao wameijengea tenisi kiwanja gani? Nionyeshe.

Mwalimu wa Makunduchi
Jamani, kama mnataka mfano wa karibu, Mboko mwacheni. Mchukueni Angella Okutoyi wa Kenya. Mama yake alifariki katika uzazi, kalelewa na bibi yake. Mwaka 2022 akachukua Wimbledon ya wasichana, wawili kwa wawili, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyekuwa amepata taji la Grand Slam la vijana kabla yake. Mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Naye kaenda chuo cha Auburn, Marekani. Shida ya wachezaji wetu ni nauli. Nafasi ya mchezaji inahesabiwa kwa alama za wiki 52. Zikipita, zile za zamani zinadondoka, lazima uwe mbioni tena kutafuta nyengine, na mashindano yako nchi za watu. Mtoto anaweza kuwa na mkono wa dhahabu akakwama Dar kwa kukosa tiketi ya ndege. Kiwanja ni mwanzo tu, hilo ndilo nataka mlijadili.

Mkaazi wa Kikwajuni
Mwalimu, na huyo Okutoyi naye kaondoka. Unaona?

Mwalimu wa Makunduchi
Kaenda kusoma! Accra alivaa bendera ya Kenya.

Mwana wa Ng'ambo, Toronto
Nasoma kimya tangu jana, ila hili la "aliyeondoka kaondoka" limenichoma. Mie nimeondoka kwa miguu yangu, hakunifukuza mtu, na kila mwezi natuma. Mnataka kujua Mboko katokea wapi? Huku mtaani kwangu bustani ina viwanja vya tenisi, vya halmashauri, watu wanaingia bure. Wanangu wanacheza pale baada ya skuli, foleni ikiwa ndefu unatundika raketi yako ubaoni unangoja zamu. Siri yenyewe ni hiyo. Nyie huko mmekaa kugombea nani Mzanzibari na nani si Mzanzibari.

Mpemba wa Wete
"Nyie huko"! Juzi tu uliondoka.

Mkaazi wa Kikwajuni
Haya, umetuma kila mwezi, umetuma kwa mama yako. Kwa skuli umetuma nini? Amaan imefunguliwa upya mwisho wa 2023, imekarabatiwa na serikali ya waliobaki. Tuma basi raketi, ndio tukuite mwenzetu.

Mfunga Nyuzi
Mie sikuomba raketi, nimeomba mlango wa kiwanja ufunguliwe. Saa sita kile kiwanja kinaota jua bure, na watoto wanachungulia juu ya ukuta.

Mwana wa Ng'ambo, Toronto
Natuma. Lakini natuma kwa mwalimu, mkononi. Mara ya mwisho tulichanga vifaa vya michezo, vikakaa ghalani mpaka panya wakala mipira, na hakuna aliyetujibu simu. Mwalimu, skuli yako ina watoto wangapi wanaotaka, na nani atawafunza? Raketi bila ya mfunzaji zitaishia kuangulia maembe.

Mwalimu wa Makunduchi
Mfunzaji hatuna. Mwalimu wetu wa michezo anajua netiboli na mpira wa miguu, ana moyo, atajifunza. Mfunga Nyuzi, siku yako ya mapumziko unaweza kufika kwetu?

Mfunga Nyuzi
Naweza. Ijumaa siendi kazini, baada ya sala niko huru. Mpemba, na nyie mkipata watu Gombani nakuja kwa boti, nauli nitajilipia.

Bint Shangani
Mmeshapanga vizuri, Mungu awajaalie. Lakini Kikwajuni asijifiche nyuma ya raketi. Bado nangoja anijibu hapa hapa mbele za watu: babu yangu aliyekufa anaulizia bei ya pweza Darajani, alikuwa Mzanzibari au hakuwa?