Nimechoka kuosha choo cha nyumba nzima wakati wapangaji wengine wapo wazima wa afya

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajificha. Yamenifika kooni.

Naishi nyumba ya kupanga huku Mabibo, Dar es Salaam. Vyumba sita, korido katikati, choo kimoja na bafu moja uwani, karo moja la vyombo. Mwenye nyumba anaishi kwingine, tunamwona kodi ya miezi sita inapokaribia. Zamu ya usafi ipo, imeandikwa kwa wino mwekundu na kubandikwa mlango wa uwani, kila chumba wiki yake. Kwenye karatasi tuko vyumba sita. Kwenye brashi tuko wawili: mimi na mama mmoja mtu mzima wa chumba cha mwisho, ambaye magoti yanamsumbua na bado anainama kusugua.

Kuna kaka wa chumba cha mbele. Zamu yake ikifika anajaza ndoo, anasimama mlangoni, anarusha maji chooni kwa mkupuo mmoja na kuondoka. Ule uchafu unatoka katikati unaenda kuganda pembeni mwa ukuta. Ukimwambia anajibu, "Si nimeosha? Huoni pamelowa?" Kwake kulowa ndiyo kusafishwa. Sabuni ya unga tunachanga, yeye hachangi, kwa sababu anasema hajawahi kuitumia. Na kweli hajawahi.

Mwingine ni bachela, msemaji mzuri sana. "Dada yangu, mimi nashinda kazini, choo nakitumia usiku tu. Halafu nyie akina mama ndio mnaojua usafi." Nilitetemeka kwa hasira. Hakuna mwanamke aliyezaliwa ameshika brashi! Kaka huyu huyu jioni kibarazani anatusimulia alivyosoma bweni, jinsi walivyokuwa wanaamshwa alfajiri kuosha vyoo na kudeki bwalo, na asiyefanya anachapwa. Kwa hiyo kuosha choo anakujua. Alichokosa hapa ni mtu wa kumchapa.

Na karo! Mtu anasonga ugali Ijumaa usiku, anatia maji kwenye sufuria, anasema ameloweka. Jumatatu sufuria ipo pale pale, ukoko umevimba, maji yana utando mweupe juu, inzi wamefanya makazi, na harufu inaingia mpaka dirishani kwangu. Nikitaka kuosha kikombe cha mwanangu lazima kwanza niguse uchafu wa mtu mwingine kwa mikono yangu.

Lakini hao wote nawaelewa kidogo. Wachafu kwao, wachafu nje, angalau wana msimamo mmoja. Anayenikosesha usingizi ni dada wa chumba cha tatu. Chumba chake ukiingia unavua viatu mlangoni. Zulia halina hata punje ya wali, vitambaa vya makochi vimepigwa pasi, kuna manukato ya kupuliza, vyombo vyake vimepangwa kabatini unaweza kujitazama humo. Anafagia asubuhi, anafagia jioni. Na takataka anazozifagia anazisukuma mpaka nje ya kizingiti chake, anaziacha koridoni. Maji ya kudekia anayamwaga pale pale nje ya mlango. Pampasi za mtoto anazifunga vizuri kwenye mfuko mweusi, kisha anaziweka nyuma ya choo, mbwa wanakuja usiku kuzichana.

Nilimfuata kwa heshima zote. Nikamwambia, "Shoga, huku nako ni kwetu sote." Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Kwani mimi nimepanga choo? Mimi nimepanga chumba." Hakuwa anagomba. Ndivyo anavyoamini. Tangu siku hiyo nimeacha kusema watu wa nyumba hii ni wavivu. Yule dada anafanya kazi kunizidi. Tatizo ni kwamba kwao usafi unaishia kwenye kizingiti, na baada ya hapo ni eneo la mtu asiyejulikana, na huyo asiyejulikana nimekuwa mimi.

Sasa tuje kwenye hasara, maana kuna wanaosema nakuza mambo. Shimo la choo lilijaa kabla ya wakati. Gari la kunyonya lilipokuja, mpira ukaziba. Jamaa wakatoa pampasi, pedi, vitambaa, hata chupa ya plastiki. Hela ya gari ikagawanywa sawa kwa vyumba vyote. Sawa! Mama wa watu mwenye magoti mabovu, mjane, hana mtoto mdogo, amelipia pampasi za wenzake.

Na afya je? Hapa Dar tumesahau haraka mno. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, wilaya ambayo wakati huo Mabibo yetu ilikuwa ndani yake. Ugonjwa ule unatoka kwenye kinyesi unapita mkononi unaingia kwenye chakula na maji, na ukimkamata mtu vikali asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana sherehe za Uhuru za 9 Desemba mwaka ule zilifutwa na Rais Magufuli akaagiza watu washike mafagio. Mpaka leo Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatakiwa kufanya usafi, na siku hiyo utawaona wapangaji wenzangu wote wapo barazani na fagio za chelewa, wanafagia mbele ya nyumba kwa bidii kwa sababu mjumbe anapita. Nyuma kwenye choo hakuna anayekanyaga.

Juzi mmoja akaona atusaidie. Uchafu umeshakuwa sugu, akachanganya Jiki na dawa ya choo ile yenye asidi, akamwaga vyote pamoja kwenye kichoo kisicho na dirisha. Wakuu, msifanye hivyo kamwe! Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu. Yule mama aliingia baada yake akatoka anakohoa, machozi yanamtoka, ikabidi tumkalishe uwani apate hewa. Choo kikisuguliwa kila wiki kwa brashi na sabuni ya kawaida, hakuna anayehitaji madawa ya kutisha.

Nimependekeza tumlipe kijana awe anaosha mara mbili kwa wiki, kila chumba kitoe. Wawili wamekubali. Bachela amesema hatoi mpaka aone wote wametoa. Dada wa chumba cha tatu amesema atatoa ya koridoni lakini si ya choo. Mliowahi kuishi nyumba za hivi na mkafanikiwa kuweka mtu wa usafi, naomba mnieleze hela alikuwa anaikusanya nani, na asiyetoa mlimfanya nini.

Mwenye nyumba anakuja kuchukua kodi mwisho wa mwezi huu. Safari hii hatakaa kwenye kiti barazani na kuletewa soda. Nampeleka uwani kwanza, aingie chooni mwenyewe, afunge mlango, akitoka ndipo tuhesabiane hela.