Plastiki nyeusi za gari zilizopauka: silikoni, moto, kinga ya kauri au rangi?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, bampa na plastiki za matao ya magurudumu ya gari langu zimepauka, zimekuwa za kijivu na zina madoa meupe. Huzipaka mafuta ya silikoni zikang'aa siku chache, lakini mvua ikinyesha mara mbili hurudi zilivyokuwa. Naomba mnilinganishie njia nyingine.

Jibu la 1
Tambua kwanza unachokabiliana nacho. Madoa meupe yaliyo kando ya sehemu zenye rangi mara nyingi ni nta ya kung'arishia bodi iliyokaukia katika vijishimo vya plastiki, nayo hutoka kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji. Kupauka ni jambo jingine: plastiki hizi kwa kawaida ni za jamii ya polipropilini iliyotiwa kaboni nyeusi, na mionzi ya urujuanimno ya jua hukata minyororo ya molekuli za juu, likabaki tabaka jembamba la ungaunga linalotawanya mwanga, hivyo jicho huona kijivu ilhali weusi bado upo chini yake. Lowesha sehemu ndogo kwa maji. Ikiwa nyeusi maadamu imelowa, bado inaweza kuokolewa bila rangi.

Jibu la 2
Mimi nilitumia mashine ya hewa ya moto. Weusi ulirudi papo hapo, nikafurahi mno, lakini moto huyeyusha na kulainisha uso tu, hauongezi kinga yoyote, na baada ya miezi michache kijivu kilirejea. Tena polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi za Selsiasi, ilhali mashine hizo zinaweza kutoa hewa inayozidi 500. Nilikawia kidogo kwenye kona ya bampa. Ikajikunja, na vile vinundu vidogo vya uso wake vikafutika moja kwa moja. Kwa hiyo sikushauri.

Jibu la 3
Nilihamia kinga ya kauri, yaani kimiminika cha kupaka kilichotengenezwa mahususi kwa plastiki, na kwangu imepita mwaka mmoja maji yakiendelea kuteleza. Tofauti yake na silikoni ni kwamba silikoni hukaa juu kama mafuta, ilhali hii hushika na kuwa ngumu. Kazi kubwa ni maandalizi: ondoa silikoni yote ya zamani kwa sabuni ya kukata mafuta, sugua, suuza, kausha kabisa, kisha pangusa kwa alkoholi. Paka kivulini, futa ziada mapema kabla haijaacha michirizi, na usiloweshe gari kwa saa 24 au kadiri kibandiko cha chupa kinavyoelekeza.

Jibu la 4
Rangi iwe ya mwisho, kwa plastiki iliyokwaruzika sana. Polipropilini haishikwi na rangi kirahisi, hivyo bila msasa na praima ya kushikisha rangi kwenye plastiki, rangi hiyo itabanduka vipande vipande.

Mwanzisha mada
Nimejaribu maji: bampa imekuwa nyeusi yote, isipokuwa ukanda mmoja kando ya taa. Alkoholi imeutoa ukanda huo, kumbe ulikuwa nta. Nitaanza kuondoa silikoni, kisha nitapaka kinga ya kauri kwenye tao moja kwanza kabla ya kugusa mengine.