Mjadala: TCRA, mdhibiti wa mawasiliano Tanzania, iwalazimishe watoa huduma wa intaneti kukagua njia za BGP?

Mleta mada: Wakuu, tarehe 24 Februari 2008 serikali ya Pakistani iliagiza YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom ikatangaza kwa BGP, lugha ambayo mitandao huitumia kuambiana anwani zipi zinafikika kupitia nani, kwamba 208.65.153.0/24, fungu la anwani za YouTube, ni yake. PCCW, kampuni ya mawasiliano ya Hong Kong, ikalipokea tangazo na kulisambaza, na kwa takriban saa mbili YouTube ikawapotea watu duniani kote. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza /22, fungu kubwa zaidi lenye anwani hizo ndani yake, na ruta hufuata tangazo lililo mahususi zaidi hata kama ni la uongo.

Dawa yake ni RPKI, mfumo wa vyeti vya kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani. Mwenye anwani anasaini ROA, hati ya kidijitali inayotaja AS (namba ya mtandao) yenye haki ya kuzitangaza. Ruta za wengine zinatupa tangazo lisilolingana nayo. Sisi tunasaini kupitia AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, na programu ya ukaguzi kama Routinator ni ya bure. TCRA iweke sharti hili kwenye leseni. Benki na hospitali haziwezi kuendelea kutegemea hiari ya kampuni wasiyoijua.

Fundi, Geita: Napinga, mkuu. Huku fundi ni mmoja: ndiye anayepanda mnara, ndiye anayepokea simu za wateja. Sharti litamletea fomu na faini. Tena wadhibiti wetu tunawajua. KIXP ya Nairobi, kituo ambapo mitandao hubadilishana trafiki, ilianza mwishoni mwa 2000, mdhibiti wa Kenya akaifunga baada ya Telkom Kenya kulalamika. Ikafunguliwa tena 2002. Na hiyo AFRINIC mahakama ya Mauritius iliiweka chini ya msimamizi 2023. Ikianguka, nasi tuzimike?

NOC (kituo cha kusimamia mtandao), Dar: Hapana, hamzimiki. ROA ikikosekana, tangazo huhesabiwa "halijulikani", si "batili", na halijulikani hupita. Mnachopoteza ni ulinzi tu.

Ila mleta mada, sharti lako lina tundu kubwa. Tarehe 12 Novemba 2018 MainOne, kampuni ya intaneti ya Nigeria, ilikosea filta zake (kanuni za njia zipi zipite), njia za Google ilizozipata kwa kubadilishana trafiki ikazipeleka China Telecom, nayo ikazipokea. Trafiki ya Google ikapotea njia kwa dakika 74. RPKI isingeona kitu, kwa sababu mwenye tangazo alibaki kuwa Google; kilichokosewa ni aliyelipeleka mbele. Hapo zinahitajika filta za kila mteja, ambazo programu ya bgpq4 inakuandikia, kikomo cha idadi ya njia kwa kila mtandao mnaounganishwa nao, na RFC 9234, kiwango cha kiufundi cha 2022, inayofanya ruta zitambuane nani mteja na nani muuzaji. Kampuni inaweza kusaini ROA zote, ikapata cheti, na bado ikavujisha.

Mleta mada: Nakubali, na nabadilisha pendekezo. Sharti liseme hivi: usimpelekee muuzaji wako wala jirani mnayebadilishana naye trafiki njia isiyo yako wala ya mteja wako, na usipokee iliyo batili. Zana achague fundi.

Fundi, Geita: Hilo naliunga mkono, mradi waanze wanaotuuzia sisi. Wakichuja wao, kosa langu linaishia mlangoni kwao. Hata FCC, mdhibiti wa mawasiliano wa Marekani, katika pendekezo lake la 2024, ripoti za kila robo mwaka ilizitaka kwa kampuni 9 kubwa tu.