Mkataba wa miezi 3 wa kupitia mafaili: naitwa "mtoa huduma", ila kazi ni saa 2 mpaka saa 2

Mhitimu_Sinza
Wakuu, habarini za jioni. Naombeni mnisomee mkataba huu, kusaini ni Jumatatu. Ofisi ya uwakili hapa Dar inachukua wahitimu wa sheria kupitia mafaili ya mikopo ya benki: rehani imesajiliwa? Ridhaa ya mume au mke wa mkopaji ipo? Ushuru wa stempu umelipwa? Kisha unajaza jedwali. Vipengele vinavyonitia shaka:

Naitwa "mtoa huduma wa kujitegemea". Sh 600,000 kwa mwezi, inakatwa kodi 5%, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hakuna. Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, Jumamosi mpaka saa 8 mchana. Kompyuta ni yao, na siruhusiwi kazi ya mtu mwingine. Malipo ni "baada ya mteja kuilipa ofisi". Jedwali likiwa na kosa, 5,000 inakatwa.

Karani wa Masjala
Mkuu, jina waliloandika juu ya karatasi halikufungi. Fungua Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Kinataja mambo saba, na likiwepo hata moja tu unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Hesabu yako: wanapanga saa zako, wanakuelekeza kazi, vifaa ni vyao, unamtumikia mtu mmoja, na unapita wastani wa saa 45 kwa mwezi. Hayo ni matano, na wameyaandika wenyewe kwenye mkataba!

Mkataba wa muda maalumu wenyewe si kosa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinauruhusu kwa wanataaluma, ingawa kanuni za 2017 zinataka wa wanataaluma usipungue miezi 12, kwa hiyo hiyo miezi 3 nayo waulize. Kosa kubwa ni kukuvua uajiriwa.

Mzee wa Hesabu
Tuingie kwenye namba. Toa saa moja ya mapumziko kila siku: siku tano mara saa 11 ni 55, Jumamosi 5, jumla 60 kwa wiki. Sheria inasema 45. Kwa hiyo saa 15 za ziada kila wiki, yaani 60 kwa wiki nne, wakati kikomo ni 50 hata kama umekubali kwa maandishi.

Thamani yake: 600,000 gawa kwa 4.333, kisha gawa kwa 45, unapata kama 3,077 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 4,615. Saa 60 ni karibu 277,000 kabla ya kodi. Hiyo ndiyo pesa inayobaki mezani kwao kila wiki nne kwa kila kichwa.

Makato nayo uyaelewe vizuri. Kama mtoa huduma unapokea 570,000. Kama mwajiriwa, NSSF 60,000 na PAYE (kodi ya mshahara) 24,000, unapokea 516,000. Mkononi ni pungufu, ndiyo maana vijana wengi wanasaini haraka. Lakini NSSF inaingia 120,000 kwa jina lako, maana mwajiri naye anaweka 60,000, na ukiumia kazini unalindwa na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Halafu saa za ziada ziko nje ya hesabu hiyo.

Karani wa Masjala
Kuhusu "mteja akilipa": kifungu cha 27 cha Sheria hiyo ya Ajira kinataka mshahara ulipwe siku ya malipo mliyokubaliana. Deni la mteja ni la ofisi, halikuhusu. Na 5,000 ya kosa haikatwi hivihivi: lazima hasara iwe imetokea kwa kosa lako, upewe maelezo kwa maandishi, upate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Mhitimu_Sinza
Asanteni sana wakuu. Na wakinitoa baada ya miezi mitatu, au wakikataa kunilipa?

Dada Mwanasheria
Mdogo wangu, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali unaanza ukitimiza miezi 6, ila kifungu cha 35 cha sheria hiyohiyo kinajumlisha mikataba yote kwa mwajiri yuleyule. Mitatu mara mbili ni sita. Usikubali kuambiwa kila mkataba unaanza sifuri.

Mshahara na saa za ziada hazisubiri miezi 6. Jaza fomu ya kufungua mgogoro, CMA F.1, mpelekee mwajiri nakala kwanza, kisha uipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Muda wa kufungua: kuachishwa kazi ni siku 30, madai mengine siku 60. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa CMA F.2, na lazima utoe sababu ya kila siku iliyopita. Wengi wanaanguka hapo kwa sababu walikuwa wakisubiri ahadi ya "wiki ijayo".

Ushahidi uanze siku ya kwanza. Nunua daftari dogo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya faili la kwanza na la mwisho. Hifadhi ujumbe wa msimamizi unaokutaka ubaki jioni. Usipige picha ukurasa wowote wa faili la mteja, hiyo ni siri yake na itakuharibia safari ya uwakili. Namba ya faili na saa vinatosha.

Jumatatu nenda na maombi mawili kwa maandishi: "mtoa huduma" pawe "mwajiriwa wa muda maalumu", na tarehe ya malipo iandikwe. Wakigoma, bado daftari linunue.